Mchungaji Asiyependa Kuku

Juzi, kwenye harusi huko Kakiika, nilimwona mchungaji wetu wa zamani akila paja la kuku kwa raha hadi akalamba vidole. Nilishindwa kumtazama kwa aibu.

Nilipokuwa mtoto kule Nakivale, mama alimchinjia jogoo wetu wa pekee siku aliyokuja kutuombea. Nyumba nzima ilinukia vitunguu na mawese. Sisi watoto tulisimama mlangoni tukimeza mate. Mchungaji alifunua bakuli, akatutazama, akalifunika tena.

"Mama, mimi sipendaka kuku. Uniletee sombe tu, kuku bakule batoto."

"Pasta, unanipatisha haya," mama alisema kwa sauti ya chini.

Akamletea sombe ya jana, majani ya muhogo yaliyokwisha kupoa, naye akaisifia kila tonge. Sisi tuligombania nyama kwa kelele, nami nikamwomba Mungu amfanye achukie na mbuzi pia. Sasa najua kwamba aliiona njaa yetu, na mama alijua ameiona.

Nilimkuta mama jikoni akipangusa macho, nikadhani ni moshi. Nikampa mfupa niliokwisha kuumaliza.

"Onja, mama, iko mutamu."

Aliupokea kwa mikono miwili, akageukia ukutani.