Mwanamkuu na Kidonda cha Uwesu

Pale Ng'ambo, mjini Tabora, harusi isiyopikwa na Mwanamkuu binti Lukumani ilihesabiwa haijakamilika. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na nusu ya umri huo aliimaliza amesimama mbele ya masufuria ya pilau ya watu, mwiko mkononi, mafuta yakimrukia usoni. Mpishi lazima aonje, naye alionja kwa bakuli. Nyama ikianza kuiva anaonja, viazi vikikolea anaonja, na wageni wakishaondoka anaukwangua ukoko wenye mafuta mpaka sufuria ling'ae, maana kutupa chakula ni dhambi. Alifika kilo mia moja na ishirini na moja. Ukimgusia habari hiyo alikuwa na majibu tele: unene ni wa ukoo wao, kazi ndiyo inayomlazimisha, na marehemu mumewe hakutaka kuoa ufito.

Mwezi wa pili Najiat, mke wa mdogo wake Uwesu, alimpigia simu kutoka Kaliua.

"Wifi, njoo. Mguu wa mwenzangu unaoza, na mimi hanisikii."

Mwanamkuu akapanda treni. Alipofika na kuingia chumbani, harufu ilimkaribisha kabla ya mgonjwa. Uwesu, mfanyabiashara wa mahindi mwenye tumbo lililotangulia mbele, alikuwa amejilaza kitandani, mguu wa kushoto umefungwa vitambaa vilivyokwishageuka rangi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekaa na hiki kitu siku ngapi?"

"Wiki ya tano. Ni Ngollo huyo." Ngollo alikuwa jirani waliyewahi kugombania naye mpaka wa kiwanja. "Kanitegea kitu mlangoni, nikakikanyaga."

"Hospitali je?"

"Walisema sukari. Miaka minne wananiambia sukari, sukari. Hawajui jambo jingine?"

Mwanamkuu aliomba maji ya vuguvugu na chumvi. Katika maisha yake alikuwa amesafisha matumbo ya mbuzi yasiyo na idadi, kinyesi kikimfika viwikoni, wala hajakunja uso. Lakini alipokibandua kile kitambaa, kikatoka na ngozi ya mguu, na usaha wa kijani ukachuruzika ndani ya beseni, alilazimika kugeuka na kupumulia kwenye kanga. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Pembeni yake sisimizi walikuwa wakitembea, wamejipanga, hawana haraka.

Akawafuata kwa macho. Walikuwa wakitokea uvunguni. Aliinama kwa shida, magoti yakimlia, akapeleka mkono. Akatoa chupa ya soda ya machungwa. Akatoa nyingine. Zilifika kumi na moja, tupu zote, pamoja na mfuko wa kashata uliojaa sisimizi.

"Na hizi amekunywa Ngollo?"

Uwesu akaugeukia ukuta. "Soda haijaua mtu. Wala usinihutubie, dada. Umepanda ngazi tatu tu za baraza, nimekusikia huku ndani unahema kama ng'ombe wa mkokoteni."

Mwanamkuu aliinua beseni. Alimwaga yale maji shimoni, akanawa kwa sabuni mara tatu, harufu ikakataa kumtoka puani. Alimchukia mdogo wake siku ile. Alichukia lile tumbo, ule uongo, ule uhodari wa kumtafuta mchawi na huku chupa ziko chini ya kitanda chake mwenyewe.

Asubuhi yake alikanda unga, akasema anawapikia watoto maandazi. Ya kwanza yalipotoka kwenye mafuta, akatwaa sita, akazunguka nyuma ya jiko. Alikula amesimama. Hakuwa na njaa, uji alikuwa amekwishakunywa. Alikuwa kwenye la nne aliposikia Najiat akiita, "Wifi! Wifi uko wapi?" Naye, mtu mzima mwenye wajukuu, akalishindilia lote mdomoni, na mawili yaliyobaki akayachomeka kifuani, ndani ya gauni. Mafuta ya moto yakamteremka tumboni, yakajikusanya kwenye mkunjo wa nyama pale kiunoni. Alisimama vile, mashavu yamevimba, hawezi kuitika wala kumeza.

Aliegemea ukuta akatapika, na alipoyatazama matapishi yale hakumwona Ngollo, wala ukoo, wala kazi. Alijiona yeye. Akatema mate.

Siku ile ile alimpakia Uwesu kwenye treni, akimburura kwa maneno ambayo hatukuyaweka hapa. Hospitalini Tabora mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema wangechelewa wiki moja wangekata maiti. Nesi mmoja, Bernadeta, alimpima na Mwanamkuu pia, akamwambia sukari yake nayo imeanza kupanda.

"Mama, nyumbani nani anakupakulia chakula?"

"Ninajipakulia mwenyewe."

Alianza kutembea alfajiri, njia ya kwenda Kwihara, ile ile iliyokanyagwa zamani na wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani. Siku ya kwanza alifika mita mia tatu, akakaa juu ya jiwe huku jasho likinuka pilau ya jana. Vijana wa bodaboda walimpigia kelele, "Mama, lami itapasuka!" Mashoga zake walimuuliza anaumwa nini, mbona ananyauka. Mwanamke mmoja alimletea majani ya chai ya kuyeyusha kitambi, akimwapia kwamba atakula atakacho na kitambi kitakwisha. Mwanamkuu aliyamwaga chooni mbele ya macho yake.

Kazini aliendelea kuonja, kwa kijiko cha chai, mara moja kwa sufuria. Ukoko aliwaachia wenye shughuli. Nyumbani alikula ugali wa mtama unaotosha kiganja, na mlenda, na mara mbili alishindwa akanunua chipsi akazila zote, kisha akazilaani. Hakumsingizia mtu.

Baada ya miezi minane mizani ilisoma mia moja na nane. Watu walimwambia sasa atakuwa anayafurahia mazoezi. Alisema hapana. Alikichukia kile kijasho, alivichukia vile viatu vya mpira, alilichukia lile tonge dogo lililoishia njiani kabla halijafika tumboni. Alichukia hata pongezi.

Kila alfajiri alivifunga kamba vile viatu, uso umekunjamana kama anayekunywa shubiri, akatoka.