Nyoka Wangu, Mume Wangu na Mfuniko

Mume wangu ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani kwetu Nyamirambo, katika chumba cha mbele kinachotazama barabara, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akiogopa kitu zaidi ya radi. Siku niliyoleta nyoka nyumbani aliniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu," akarudi kwenye cherehani yake. Nami nikaamini kwamba ni sawa.

Nyoka huyo nilimpata kwenye shule ninayofundisha baiolojia. Wanafunzi walikuwa wakifyeka majani nyuma ya maabara, na mmoja akampiga kwa jembe kabla sijafika. Alikuwa nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia anayekula panya na asiye na sumu, urefu wake kama mkono wangu. Daktari wa mifugo alisema kidonda kitapona, ila mgongo umeumia na porini asingeishi muda mrefu. Basi nikamweka kwenye tangi la kioo ambalo jirani aliwahi kufugia samaki. Juu nikafunika kwa ubao, na juu ya ubao nikaweka matofali.

Uzito ulitosha. Lakini ubao ulikuwa umepinda kidogo kwenye kona moja, na kwa mwili mwembamba kama ule, kidogo hicho kilikuwa mlango.

Siku moja, wakati wa mapumziko, simu yangu iliita.

"Mwalimu, uko na kipindi?" Mume wangu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

"Nimemaliza. Kuna nini?"

"Hiyo nyoka yako iko ndani ya vitenge."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi niko juu ya meza."

Nilipanda pikipiki mpaka nyumbani. Nilimkuta amekaa juu ya meza ya kukatia nguo, miguu ameikunja chini yake, anashona pindo kwa mkono ili kazi isilale. Mlangoni alisimama mteja, mama mmoja mnene mwenye mwavuli, amekasirika kabisa.

"Nguo yangu naiona pale ukutani," aliniambia. "Namwomba anipe, anasema hawezi kushuka. Ni mgonjwa?"

Nilimpa nguo yake, nikamsindikiza mpaka barabarani. Kisha nikaanza kufunua vitenge, kimoja kimoja, mpaka nikamkuta nyoka amejikunja ndani ya kile cha manjano, ametulia. Nilimtia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha.

Mume wangu alishuka. Alikaa kizingitini.

"Ninaogopa nyoka," alisema. "Tangu utotoni. Hata picha yake kwenye kitabu, naigeuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja umemfunga kwenye mtandio wako, umembeba kama mtoto mchanga. Ningesemaje?"

Moyo uliniuma. Nilimwambia kesho namrudisha shuleni. Akafikiri.

"Shuleni watamuua," alisema.

"Huenda."

"Basi tumtengenezee mfuniko wa kweli. Lakini tuutengeneze pamoja, nione kila msumari unaoingia."

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya mwisho wa mwezi, tuliteremka Kimisagara kwenye karakana na maduka ya vifaa. Tulinunua vipande vyembamba vya mbao, wavu wa waya wenye matundu ambayo hata kidole changu kidogo hakikupita, bawaba, makomeo, na mrija wa silikoni, ile gundi ya kuzibia vioo. Muuza duka aliuliza tunafuga kuku wa aina gani. Mume wangu alimjibu, "Kuku mwembamba," na nikajua kwamba tutaelewana.

Kioo hakipigwi msumari, kwa hiyo tulitengeneza fremu mbili. Ya chini tuliigandisha kwa silikoni juu ya ukingo wa tangi. Ya juu ndiyo iliyobeba wavu, nayo tuliiunga na ya chini kwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili tukaweka makomeo. Ncha za waya tulizikunja na kuzifunika kwa vibao, maana nyoka anayetafuta njia husugua pua yake mpaka itoke damu. Kazi ilikuwa ya polepole. Yeye alishika, mimi nikapigilia; nilipochoka tukabadilishana. Nyoka alikuwa ndani ya ndoo uani, na kila baada ya muda mume wangu alinituma nikahakikishe yupo.

Tulipomaliza, mfuniko ulionekana mzuri. Nilitaka kusogeza bawaba moja, nikamwomba chaki yake ya kuchoria nguo. Unga wake ulitawanyika kwenye fremu yote ya chini, nami nikafunga mfuniko bila kufuta. Nilipoufungua tena, unga ulikuwa umehamia kwenye fremu ya juu kila mahali isipokuwa kona moja ya mbele. Pale mbao hazikuwa zinagusana.

Tulitazamana.

"Angepita," alisema.

"Angepita."

Hakulalamika. Alipitisha kidole kwenye ile kona, akaingia ndani, akarudi na kitambaa kizito cha makoti. Alikikata utepe, akaukunja mara mbili na kuushona ili uwe mnene, tukaugandisha kuzunguka fremu yote na kuongeza komeo moja kwenye kona ile. Kisha akapaka chaki mwenyewe, akafunga, akafungua. Safari hii mstari mweupe ulizunguka bila kukatika. Akarudia tena, kwa raha tu.

Tuliacha harufu ya silikoni iishe kwanza, ndipo nikamrudisha nyoka. Mume wangu alivuta kiti, akakiweka mbali kidogo, akaketi kutazama. Nyoka alizunguka tangi lote akisukuma kwa pua, kona hadi kona, kisha akaingia chini ya kigae chake.

"Ameshindwa," mume wangu alisema. "Pole yake."

Usiku huo alilala usingizi mzito, na mimi pia.

Miezi michache baadaye nilienda Musanze kwa mafunzo ya walimu. Jirani aliyeahidi kubadilisha maji ya nyoka alipata safari ya ghafla. Mume wangu alinipigia, akaweka simu mezani ili nimsikie akifanya.

"Nafungua," alisema. "Ananitazama."

"Mwache atazame. Weka bakuli taratibu."

Nilisikia maji yakitikisika, kisha mfuniko ukifungwa na makomeo yakigonga moja baada ya jingine. Halafu pumzi ndefu.

"Amekunywa?" niliuliza.

"Sijui, nimekimbia," alisema. "Subiri nikaangalie."