Nani Atashika Dodoki

Usiku ule wa kuamkia kikao cha halmashauri nililala na hasira, na mtu aliyelala amenuna hatarajii kutembelewa na anayempenda.

Hasira yenyewe ilikuwa juu ya Mzee Sambala, jirani yangu, aliyepooza upande mmoja tangu msimu wa kuvuna alizeti. Mwanawe wa pekee yuko machimboni. Nyumbani amebaki na mkamwana wake, Neema, mwenye mtoto anayenyonya, na kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Mchana ule nilipita pale nikamkuta Neema anasogeza bakuli la uji ndani ya mlango, uso ameugeuzia ukutani.

"Kaka, nampikia, namfulia," aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Ila kumwogesha? Nitaanzia wapi? Mkwe wangu yule."

Nikamwogesha mwenyewe. Mgongoni vidonda vya kulalia vilikuwa vimeshaanza kuchimba. Lakini mimi ni ofisa ustawi wa jamii wa kata nzima, na akina Sambala wako kila kitongoji. Siwezi kuwa na beseni kila ua.

Na kesho yake ndiyo nilipangiwa kuwasomea madiwani mpango mpya wa kutunza wazee majumbani. Kwa kuusikia, ni mpango mtamu. Kila mzee asiyejiweza atatunzwa na mtu wa nyumbani kwake, naye atafundishwa na kupewa vifaa. Kwa Mzee Sambala, mtu huyo ni Neema. Nilimweleza mkuu wangu wa idara, akacheka.

"Watazoea tu," alisema. "Wewe soma kama ulivyoandikwa, usituletee mambo ya mila."

Anayesema hivyo, akimwona mama mkwe wake sokoni huvuka barabara na kujificha nyuma ya mafungu ya vitunguu. Wote tuko hivyo. Mila tunazishika nyumbani, tukifika ofisini tunazivua pamoja na kofia.

Basi nikalala. Na Babu akaja.

Hakuingia kwa mlango. Nilimwona tu yuko uani kwake, ua ule wa zamani ambapo siku hizi pamelimwa mtama, ameketi kwenye kigoda, jua la asubuhi limempiga mabegani. Mbele yake kuna beseni linalofuka mvuke. Sikukumbuka kwamba alikufa. Nilichokumbuka ni kwamba nimechelewa.

"Mwizi wa mke wangu," akaniita, kama alivyoniita tangu naanza kutambaa, maana kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake na wote wawili wanamgombea bibi, na mjukuu akioa, babu humwita mkewe "mke wangu". "Maji yanapoa."

Nikachuchumaa nyuma yake nikachukua dodoki. Alipoishiwa nguvu mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Baba na baba zangu wadogo walisimama nje ya ua wakikohoa kohoa, kwa sababu mwana haoni uchi wa baba yake, na wake zao hata uani hawakukanyaga. Mtani ndiye aliyeruhusiwa. Tulikuwa tunacheka mpaka sabuni inatuingia machoni.

Namsugua mgongo. Ni mgongo wake ule ule, wenye kovu la jembe karibu na bega. Nasugua, kovu linalainika, ngozi inafunguka chini ya mkono wangu, na ninaona vidonda. Huu ni mgongo wa Mzee Sambala. Naogopa kuendelea. Namwagia maji taratibu, na kovu linarudi, Babu anageuka kunitazama, na sasa tuko ukumbini.

Ukumbi wa halmashauri, na meza zake ndefu zilizopangwa kwa mzunguko. Kigoda kiko katikati, beseni liko katikati, Babu ameketi kifua wazi kama yuko kwake. Madiwani wote wapo. Hakuna anayeshangaa. Wanamwamkia kwa heshima, mmoja mmoja, "Shikamoo mzee," naye anaitikia "Marahaba" huku akinyoosha mkono wenye dodoki.

Mwenyekiti analipokea, analitazama, anainama. "Nisamehe, mzee. Mimi ni mwanao."

Anampa wa pembeni. Diwani wa viti maalumu anajifunika uso kwa kanga. "Mimi ni mkamwana, baba."

Linazunguka meza nzima. Kila mmoja analishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha anampa mwenzake. Wapo wanaotokwa na machozi. Mkuu wangu wa idara amejikinga uso kwa kurasa za mpango, kama anavyofanya nyuma ya vitunguu, na dodoki linampita. Mvuke wa beseni umekwisha. Babu anaanza kutetemeka, na meno yake mawili yaliyobaki yanagongana, nayasikia mpaka nilipo.

Nashindwa kuvumilia. Naruka meza, nalinyakua dodoki. Limekauka kau.

"Nitakuogesha mimi, Babu! Niache nikuogeshe!"

Ananishika kiganja. Mkono wake ni wa baridi, lakini una nguvu ambazo hakuwa nazo siku zake za mwisho.

"Wewe ni mmoja," anasema.

Namwambia kwamba hawa si watu wabaya, wanampenda, ni vile tu hawawezi.

"Usiwaulize kama wananipenda. Najua wananipenda. Waulize nani atashika dodoki. Mtafuteni asiye mwana wala mkwe, mumfundishe, mumlipe, awe na siku yake ya kuja."

Kisha ananikonyeza, jicho lile la utani. "Na mke wangu hajambo? Mwambie umekonda."

Nataka kumjibu. Nataka kumwambia kwamba nimemkumbuka mno, kwamba hakuna mtu mwingine anayeniita mwizi. Lakini kigoda kiko kitupu, na maji kwenye beseni yametulia.

Niliamka mashavu yamelowa. Kulikuwa kumekucha, majogoo wa jirani wamechoka kuwika, na mke wangu alikuwa ameshabandika chai. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, sioni haya kusema. Hasira ya jana ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Nilivaa shati la kikao. Nikaenda bafuni, nikatungua dodoki letu kwenye msumari, nikalitia kwenye mkoba juu ya kurasa za mpango. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni.

"Hilo unalipeleka wapi?"

"Kikaoni. Babu kaja usiku. Anasema nimekonda."

"Mume wangu yule hajaacha uchokozi," alisema, akatabasamu. Alimpenda sana Babu. Nilimweleza yote, naye akasikiliza mwiko mkononi mpaka chai ikamwagikia jikoni.

"Kwa hiyo husomi mpango?"

"Nitasoma mpaka pale pa mtu wa nyumbani. Hapo nitasimama, niliweke hili mezani, nimwambie kila mmoja alishike aseme angemwogesha nani."

"Na wakikucheka?"

"Wacheke," nilisema, nikafunga mkoba. "Wakimaliza nitauliza tena."