Tangi la Zambarau

Nitasema tu, hata kama masikio bado yananiwaka: mi mtu mzima, niliyeponyoka vita na kambi, niliendesha kaburi toka Muyinga mpaka Gitega huku napunga mkono na kucheka.

Pikipiki ilikuwa ya baba, ya zamani sana, tulirudi nayo toka Tanzania kwenye lori kama chuma chakavu (baba mwenyewe tulimwacha kwenye udongo wa kule). Mwaka huu fundi akaisuka upya kipande kwa kipande, kusudi nimpeleke mwanangu Dezire kuomba mchumba Ryansoro kwa heshima. Ikabaki rangi. Wa kwanza kulaumiwa ni Nestori, "Weka zambarau, shemeji, rangi ya askofu!" Wa pili ni Hamadi, mchora vibao wa sokoni, anayeandika pia misalaba ya makaburi. "Kwenye tangi niandike nini, mzee?" Nikajibu bila kufikiri, "Jina la baba. Lirembe unavyojua."

Alivyojua! Nilipoiona nilikosa mate. Zambarau inang'aa kama biringanya iliyonyeshewa, mistari myeupe myembamba kama uzi, kaivuta kwa mkono bila rula, korongo wawili wenye taji wamefungua mabawa, na katikati jina la baba kwa dhahabu, msalaba juu, miaka yake chini (alikuwa katekista, msalaba nikaona ni haki yake). Nililia.

Njiani, Karuzi yote, watu wanasimama. Wanaume wanavua kofia, wenye baiskeli wanashuka, mama mmoja akapiga magoti, na mi nasema, Mungu wangu, kumbe rangi ina nguvu hivi! Napiga honi, napunga.

Ryansoro wakwe wamejaa uani. Vicheko vikazimika. Babu wa binti, mzee Gaspari, akaizunguka pikipiki polepole, akaweka kiganja kwenye tangi kama anayepima homa.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba yangu, muzehe."

"Mmeshaganduka?"

Kuganduka ni kuondoa matanga, na kwetu nyumba ambayo haijaondoa matanga haiombi mchumba. Kambini hatukuwa na pombe wala ndugu wa kukusanya. Tukarudi, tukalima, tukanyamaza. Pikipiki ndiyo iliyotusema: zambarau ya msiba, msalaba, miaka, kama kaburi.

"Mmekuja kuomba mke na maiti mlangoni?" shangazi mmoja akadakia, ua mzima ukaangua kicheko.

Mzee Gaspari hakucheka. "Rudini mkamlilie. Binti atangoja."

Tukarudi kwa barabara ileile, kofia zikavuliwa tena, safari hii sikupunga. Nikainamisha kichwa, kwa sababu watu wasiomjua baba walikuwa wanampa kile mi sikuwahi kumpa.

Tuliondoa matanga. Nestori alikuja, Hamadi alikuja, wakala na kunywa kama hawana kosa. Dezire ameoa. Pikipiki ni nyeusi sasa, wamebaki korongo tu, na mi naapa: sitaandika tena jina la mtu wangu juu ya kitu chochote kabla sijamlilia mpaka mwisho.