Pua ya Dirisha la Dawa

Mtoa dawa alinusa kila chupa kabla ya kuitia dawa ya maji, maana wagonjwa walikuja na chupa zao, na chupa ya nyumbani ina mambo yake. Vidonge alivihesabu vitano vitano kwa kisu butu, midomo ikicheza bila sauti. Siku moja Renatha, binti wa jirani aliyemaliza kidato cha sita, alimletea fomu ya kuchagua chuo, ya kurudishwa kabla ya saa tisa: ualimu Butimba, alikotaka baba yake, au ufamasia Dar es Salaam.

"Shikamoo. Nichague ipi?"

"Marahaba. Nusa hii."

Renatha akanusa. "Safi."

Mtoa dawa akanusa pia, akamrudishia mwenyewe, mama aliyetoka Misungwi na mtoto mgongoni. "Mafuta ya taa. Kaoshe."

"Ndugu, si msomi kasema safi!"

"Msomi hanywi. Anakunywa huyo mgongoni."

Foleni ikacheka. Renatha hakucheka. Aliichukua chupa, akaiosha bombani mara tatu, akainusa mpaka machozi yakamtoka. Mtoa dawa akainusa tena, kwa muda mrefu, kisha akaijaza dawa.

Renatha akaomba kalamu. Neno "ufamasia" lilichafuka kidogo, maana mikono ilikuwa bado na maji.