Ongeza Kuni, Makokha

Hii nitawaambia mara moja tu, na msiniangalie usoni nikisema, kwa sababu mpaka leo nikikaribia ile hospitali navukanga barabara.

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano. (Shule niliacha darasa la nne, majina ya dawa nilijifundisha kwa maboksi, na nilijiona nusu daktari.) Bendera yetu ilikuwa bado mpya, wauguzi wachache, wodi ya watoto yote iko kwa Sista Rebeka. Metroni, mkubwa wa wauguzi, alisema muuguzi akilia mbele ya wagonjwa ataondolewa, basi mtoto akifa, Sista anaingia kwa chumba changu, anafunga mlango, ananiambia, "Ongeza kuni, Makokha," naongeza mpaka mvuke unajaa, na akitoka uso umelowa, nani atajua ni nini. Hatukuwahi kuliongea. Mimi tu nilijua, na nilijivunia kama cheo.

Sasa hiyo Jumatatu mtoto alikufa asubuhi, foleni ya sindano imefika nje, Sista ako ndani kwa mvuke, mimi narudi na kuni, nasikia mzee mmoja wa Navakholo anaambia wenzake, "Huyo sista ako na roho ya jiwe. Mtoto amefia mkononi yake saa hii, hata chozi."

Ningepita tu. Lakini mtu akigusa mtu wangu damu inapanda, nikatupa kuni chini, nikamshika mkono, "Jiwe? Kuja uone jiwe, mzee," yeye anasema, "Niachilie, kijana," foleni nayo inafuata (watu wa foleni wanapendanga vita), nikasukuma mlango.

Mvuke ukatoka wote. Sista amekaa sakafuni, kofia yake nyeupe kwa magoti, ameuma aproni ndio sauti isitoke. Tukamwangalia sisi wote, na nyuma yetu Metroni.

Mzee akavua kofia yake. "Pole, mama," akasema. Mimi niliyeleta watu nikatoka kuokota kuni nilizotupa.

Sista akasimama, akajifuta, akauliza, "Nani anafuata?" akadunga sindano mpaka saa nane.

Wiki hiyo Metroni akamhamisha, zahanati ndogo upande wa Malava. Nikambebea sanduku mpaka stendi, nikamwambia, "Sista, nilikuwa nakutetea."

"Najua, Makokha," akasema. "Lakini kuni ulikuwa unaongezanga vizuri."

Siku hizi mtu akimsema mtu wangu, nabeba kuni zangu napita. Inaniuma, lakini napita.