Nilimfundisha Mwanangu Kupiga Kelele Moyoni

Admin, nifichie jina, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Vihingo kule Kisarawe, nimeolewa Kibaha. Nina mtoto mmoja wa kike wa miaka sita, hapa nitamwita Zai. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevunjika na bado umefungwa plasta ngumu ya POP, kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Mimi na mume wangu tuna kiwanja cha michezo ya watoto. Si kikubwa. Kuna bembea, jumba la upepo la kurukia na treni ndogo ya mabehewa manne inayozunguka uwanja. Korona ilipoingia tukafunga geti kama wenzetu wote. Mume wangu, ambaye zamani alikuwa akiwasha injini ya treni huku anaimba, akawa mtu wa kukaa barazani na kulitazama lile geti. Kofi la kwanza alinipiga kwa sababu ya chai kukosa sukari. La pili hata sikumbuki lilikuwa la nini. Baadaye akahamia kwenye ngumi na mateke, na siku moja alinigonga kichwa kwenye fremu ya mlango mpaka nikaona giza. Mimi nikajidanganya. Nikasema huyu si yeye, ni kule kufungiwa, geti likifunguliwa mume wangu atarudi.

Basi nikawa nafuatilia kwenye simu jinsi viwanja vya nje vinavyofunguliwa, kama mtu anayesubiri ndugu yake atoke jela. Kuna walikochora alama chini watu wasimame mbalimbali, kuna walikopima joto mlangoni. Nchi moja, nadhani Japani, waliwaomba watu wasipayuke kwenye zile treni zinazopanda na kushuka, wasirushiane mate, kelele wapige moyoni. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaona ni akili. Ruhusa ilipotoka kwetu, nikachora nyayo za rangi kwenye foleni na kuandika kibao kikubwa: PIGA KELELE MOYONI. Wasiojua kusoma nikawafundisha kwamba treni ikikata kona unaziba mdomo kwa viganja, kelele inabaki ndani. Zai ndiye alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza.

Siku ya kufungua watoto walijaa. Treni ikipita unaona vichwa vinatikisika, mikono mdomoni, sauti hakuna, na wazazi wamekufa kwa kicheko. Baba mmoja akamwambia mume wangu, hongera bosi, ila mwenye kichwa hapa ni mkeo. Mume wangu akatabasamu. Lile tabasamu nalijua.

Tulipofunga geti jua lilikuwa bado halijazama. Nilikuwa nafuta viti vya treni, yeye akachomoa komeo la chuma la behewa. Pigo la kwanza lilitua mgongoni. La pili nililikinga kwa mkono, na nikausikia mfupa ukikatika. Nilipofungua mdomo niite majirani akanikaba shingo, akaniambia kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mteja:

"Mama Zai, si umewafundisha watoto wa watu? Na wewe piga moyoni."

Akanipiga mbavu, akanipiga paja, akarudia mbavu. Nililala kwenye sakafu ya behewa damu imejaa mdomoni, na kutoka pale chini nikamwona Zai. Nilidhani ameingia ndani. Kumbe alikuwa amekaa behewa la mwisho, macho yamemtoka, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa anatii kibao changu.

Mume wangu aliliweka komeo chini afute jasho. Nikaliokota kwa mkono wa kushoto nikampiga nalo goti, alipoinama nikampiga taya. Meno yalidondoka kwenye reli. Ningempiga tena, na ningemuua, siwafichi. Kilichonizuia ni mtoto, maana bado alikuwa ameziba mdomo. Nikamshika mkono tukatoka, jirani akatupeleka hospitali, na baada ya hapo nikaja kwa mama yangu Kisarawe.

Sasa mume wangu anatembelea gongo, na ametuma ujumbe kwa mjomba wangu. Ijumaa anafungua tena kiwanja na anataka niwe nimerudi, yaishe. Nisiporudi atanishtaki kwa kumvunja taya na atamchukua Zai. Mjomba ameniambia, "Mwanangu, ile ilikuwa korona, hakuwa yeye. Rudi kwako." Nikamuuliza kama korona ndiyo iliyoshika komeo, akasema nina mdomo mchafu. Mama yangu kwa upande wake amesema yule bwana akikanyaga hapa atamkuta mlangoni na mchi, na anataka niwahi mimi polisi, dawati la jinsia. Lakini wote wawili tumeumizana, na shahidi ni mmoja tu, Zai.

Jana Zai alikanyaga chupa uani. Nilimkuta amekaa chini, damu inatiririka kwenye mguu, viganja viko mdomoni. Nikamwambia lia mwanangu, lia kwa nguvu, hapa ni kwa bibi, hakuna wa kukukataza. Akasogeza kiganja kidogo tu, akaninong'oneza:

"Mama, nalia moyoni."

Ninyi mliolea na mliopitia haya, huruma yenu bakini nayo, mimi nataka jibu. Nirudi Kibaha nikawashe treni na mtu yule? Au nimsimamishe mtoto huyu mbele ya askari nimwambie sema kwa sauti, wakati mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza? Nifanye nini jamani, na Ijumaa ndiyo hiyo?